Kikwaruzio Hujaribiwa Kwanza

Kariakoo hakuna anayenunua kitu bila kukijaribu. Balbu itawashwa, redio itaimba, ndipo pesa zitoke. Lakini juzi, kwenye duka la vyombo, nilimwona mama mmoja akifungua mkoba na kutoa kipande cha jibini kigumu kama kigae.

"Mwanangu kaniletea kutoka safarini," alimwambia muuzaji. "Kisu kimeshindwa. Nataka kikwaruzio, ila nakijaribu kwanza."

Muuzaji akacheka, akatandika gazeti kaunta. Kikwaruzio cha matundu makubwa kikatoa mabonge. Mama akatikisa kichwa; mabonge tukayala sisi wateja. Akachukua chembamba chenye meno madogo kama tupa. Jibini ikamwagika laini kama unga.

"Onja, baba," akanisogezea gazeti. Nikaonja. Dada aliyekuwa akichagua sufuria akaonja. Mchukuzi akatua mzigo, akaonja, kisha akamwomba mama arudie, eti hakuona vizuri. Mama akarudia kwa madaha.

"Hiki hiki!" akatangaza, akikiinua juu. Tukampigia makofi. Ndipo akautazama mkono wa pili. Vidoleni lilibaki ganda tu la jibini.

Muuzaji akajifuta midomo. "Lakini mama, kinakwaruza."

Mama akaangua kicheko hadi akashika kaunta. "Kifunge, mwanangu. Sasa niambie, jibini inauzwa wapi?"

Wewe unayesoma hapa, ukienda kununua sufuria ya pilau, tafadhali nipitie. Nayo lazima ijaribiwe.