Doa la Sebuleni

Mama alipotoka Kenya kunitembelea huku ng'ambo, Hodge Hill, alikataa katakata kuingia kwenye hodhi la kuogea. Alisema kukaa ndani ya uchafu wako mwenyewe si kuoga, ni kujichemsha. Akanunua beseni jekundu madukani Alum Rock, akawa anasimama katikati ya bafu na kujimwagia maji kwa kopo kama nyumbani, ambako sakafu ni ya simiti na maji yana tundu lake. Hapa sakafu ni mbao, na chini ya mbao ni sebule yangu.

Wiki ya tatu nikaona doa kwenye dari, la rangi ya chai, juu ya kochi. Nilikuwa nimetoka zamu. Kazi yangu ni kuogesha wazee. Asubuhi hiyo nilikuwa nimewaogesha wanne, kila mmoja kwa upole. Kisha nikapanda ngazi nikamgombeza mama yangu kama mtoto.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, akijaribu kunichekesha.

"Yanazoleka, Mama. Shika taulo."

Akapiga magoti akapangusa. Tangu siku hiyo hakuoga tena kwangu. Alikuwa akijifuta tu kwa kitambaa chenye maji. Nilijua, nikajiambia angalau dari itapona.

Alirudi Kenya, na mwaka haukuisha akafariki. Nilikwenda kumzika, nikarudi, nikaendelea na zamu. Doa lilizidi kupanuka, nami nilikula chini yake kila jioni bila kujiuliza linapata wapi maji. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote.

Dari ilipoanza kubonyea ndipo nikamwita fundi, Mkongomani ninayesali naye. Nikamweleza mapema kwamba ni mama aliyekuwa akimwaga maji. Akakata jipsamu ya dari iliyolowa, vipande vikaanguka kwenye kochi kama ugali uliochacha. Akamulika ndani kwa simu.

"Mama, kuja uone," akaniita. "Ni tuyau, ile bomba ya maji. Hapa kwenye inaungana, imeoza tangu zamani. Iko inatoa maji hata sasa."

"Si maji ya kuoga?"

"Hapana. Mbao ya juu iko mukavu kabisa. Maman yako hakukosa kitu."

Nikasema sawa. Nilingoja nilie, machozi hayakuja. Nilichohisi ni mgongo tu, ule wa kuinua wazee.

Akaomba kitu cha kukingia maji wakati anatafuta pa kuyafungia. Nikaleta beseni jekundu. Lilikuwa bado nyuma ya mlango wa bafu, na kopo ndani yake. Nikaliweka chini ya tundu alilokata darini, nikakaa sakafuni kulitazama.

Lilipofika nusu nikatia mkono kupima joto la maji, kama nifanyavyo kazini kabla sijamwogesha mtu. Yalikuwa baridi. Mama sikuwahi kumpimia.