Firigisi ya Bata Mzinga

Watu wa Soko la Toi hawamuulizi Nereah amepika nini. Wanamuuliza wako nchi gani.

"Niaje mathe, leo tuko wapi?"

"Leo tuko Korea."

"Visa inatolewa?"

"Visa ni kunawa mikono. Na wewe umetoka kushika viatu vya mitumba tangu asubuhi. Maji iko hapo."

Kijana ananawa, anaketi kwenye benchi, na muda si muda ana paja la kuku mkononi, limekaangwa mara mbili hadi likakauka, kisha likapakwa mchuzi wa pilipili na sukari unaomtoa machozi huku anacheka. Kesho yake labda ni India. Siku ya Waethiopia, yenye mchuzi mwekundu na mayai ya kuchemsha ndani, vinyozi wa pale karibu huacha wateja na vichwa nusu.

Nereah hajawahi kupanda ndege. Alizaliwa Ugenya, akaja Nairobi kuolewa, akakaa mtaa wa Mashimoni mpaka leo. Dunia ameizunguka akiwa jikoni mwa watu, kule Lavington, alikopikia familia za wageni wa kuja na kuondoka. Kila mama aliyefunga virago alimwachia kitu: huyu pazia, yule sufuria. Mapishi aliyabeba mwenyewe kichwani. Mumewe alipofariki aliacha kazi za nyumba akafungua kibanda chake, na tangu hapo ana kiburi kimoja ambacho hakifichi. Hawezi kumvumilia mtu anayechemsha kuku kwa chumvi na kitunguu kisha akajisifu kwamba amepika.

Kiburi hicho ndicho nusura kimvunjie binti yake ndoa.

Binti ni Marion, mtoto wake wa pekee. Amependana na Derrick, fundi wa kuchomelea mageti huko Kawangware, kijana mpole mwenye mikono yenye makovu. Wakati ulifika wazazi wa Derrick watoke Bungoma waje kumposa msichana rasmi. Hapo ndipo Marion alipoanza kupoteza usingizi, maana jina la baba mkwe wake mtarajiwa, Mzee Wekulo, lilikuwa limemtangulia. Alipokwenda kumposea kaka yake Derrick, aliletewa kuku asiye na firigisi. Mzee hakugombana na mtu. Alichukua kofia yake, akashukuru, akaenda zake, na msichana yule leo ameolewa kwingine.

Mtu asidhani ni ulafi. Kwa Waluhya kama Mzee Wekulo, kuku ana itifaki yake, na firigisi ni ya anayeheshimiwa. Ukimletea mgeni kuku bila firigisi, umemwambia kwamba kuna mkubwa wake aliyekwisha kula.

"Mum, tafadhali," Marion alimsihi. "Firigisi tu. Ikuwe nzima, aione na macho."

"Nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Lakini ndipo Ephantus alipoingilia kati na ukarimu wake. Huyu Ephantus ndiye mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huko Kawangware anakoishi Osewe, shemeji yake Nereah, ambaye angesimama kama baba wa Marion. Wageni wangepokelewa kwa Osewe kwa sababu yeye ana vyumba viwili, na Nereah ana kimoja. Ephantus ni mteja sugu wa siku ya Korea, na alikuwa anafuga bata mzinga dume, jitu zima, ambalo lilishinda langoni likiwafukuza wapangaji.

"Nereah, chukua hii kitu ukaribishe nayo wageni," alisema. "Imenihamishia wapangaji wawili. Bibi yangu Wagaki amesema ni yeye au ni hiyo ndege."

Siku ya kuchinja, ploti nzima ilitoka nje. Hata wasiosalimiana walisaidia kunyonyoa, na kila aliyewahi kukimbizwa alitaka kung'oa manyoya yake mwenyewe kwa mkono wake. Nereah akamkatakata ndege na kutafakari. Bata mzinga! Je, mtu unapewa bata mzinga kisha umchemshe kama kuku wa watu wasio na habari? Akamkumbuka mama mmoja wa Meksiko, mwajiri wake wa zamani, aliyemfundisha mchuzi mzito mweusi: pilipili zilizokaushwa, njugu, simsim, vitunguu vya kuchoma na kipande cha chokoleti, vyote vikasagwa vikawa kitu kimoja. Mama yule alikuwa hatupi kitu. Maini, moyo na firigisi alivichemsha, akavisaga humo humo.

Nereah aliishika firigisi, kubwa kama ngumi. Maneno ya Marion yakamjia. Akajijibu kwamba sheria ya kuku ni ya kuku, na bata mzinga hana kabila. Akaisaga.

Wageni walifika mchana, Mzee Wekulo na mkewe, wakiongozwa na Derrick. Osewe aliwakaribisha, wakaomba, wakanawa. Nereah mwenyewe alibaki chumba cha ndani nyuma ya pazia, kwa kuwa kwao mama mkwe hakai mezani na mkwe wake. Alikaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliopinduliwa, jicho moja kwenye tundu la pazia.

Marion alileta sinia. Mzee akauangalia mchuzi ule mweusi.

"Hii iliungua?"

"Hapana, mzee," Osewe akasema. "Ni ya Meksiko."

"Meksiko! Mbona hamkuniambia safari ni ndefu hivyo, nikabeba sweta."

Watu wakacheka, na nyuma ya pazia Nereah akashusha pumzi. Mzee akamega ugali, akachovya, akainua kichwa kama mtu aliyeguswa begani. Akachovya tena. Mkewe, Mama Derrick, mwanamke mwembamba asiye na maneno, alikuwa tayari anavuta bakuli la mchuzi upande wake. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji kwenye mfereji.

Kisha Mzee akachukua mwiko, akaanza kugeuza vipande. Aligeuza paja, akageuza shingo, akachungulia chini ya bawa. Akauweka mwiko chini taratibu.

"Osewe, huyu ndege alikuwa na firigisi?"

"Alikuwa nayo, mzee."

"Iko wapi?"

Osewe aliliangalia pazia. Marion, aliyekuwa ameshika jagi la maji, alisimama wima na maji yakamtiririkia miguuni bila yeye kujua. Derrick alikuwa anasoma viatu vyake. Kofia ya Mzee ilikuwa juu ya goti lake, na mkono wake ukaanza kuisogelea.

Nyuma ya pazia, Nereah alijiona mjinga wa kupindukia. Nchi zote hizo alizipika, na Bungoma, ambayo mtu hufika kwa basi, ikamshinda! Alifikiria kumtuma mtu mbio stejini kwa matatu, wanakouza firigisi za kukaanga, lakini firigisi ya kuku ni kijipande tu, na Mzee hakuwa kipofu. Maji yakimwagika hayazoleki. Akajifunga leso, akajitokeza.

Derrick alipomwona mama mkwe wake anakuja, aligeuka akautazama ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Baba Derrick, firigisi niliisaga. Iko ndani ya mchuzi. Makosa ni yangu, si ya mtoto. Yeye aliniambia."

"Uliisaga."

"Nikasaga na njugu, na simsim, na chokoleti."

"Chokoleti?"

"Kidogo tu."

Mzee akafikiri. "Kwa hivyo kila mtu hapa amekula firigisi yangu."

"Kila mtu."

Akamgeukia mkewe polepole. Mama Derrick alikuwa na kidole mdomoni.

"Na wewe?"

"Mimi nimeongeza mara mbili," akasema Mama Derrick. Akakitoa kidole. "Baba Derrick, tangu unioe nakupikia firigisi. Naipasua, naosha mchanga, natoa ngozi, nakuwekea juu ya sahani. Sijawahi kuonja hata siku moja. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unakula kitu tamu namna hii peke yako!"

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo Nereah alipomkumbuka mama yake, maana kwao pia kuna vipande ambavyo marehemu alivipika maisha yake yote, akazikwa bila kuvionja. Osewe alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Mzee Wekulo alimtazama mkewe. Mkono ukaiacha kofia. Akaunyosha, akalivuta bakuli.

"Yangu imebaki humu?"

"Imebaki," Nereah akajibu.

"Basi mtu asiguse. Siwezi kurudi Bungoma nikiwa nimeacha nusu ya firigisi yangu Kawangware."

Akamega ugali, akapangusa upande huu wa bakuli na upande ule, akala bila haraka huku wote wakimtazama. Likabaki tonge moja, jeusi kwa mchuzi. Mzee alilishika akaliangalia, kisha akanyosha mkono na kuliweka kwenye sahani ya mkewe.

"Kula. Usije ukasema sikuwahi kukupa."

Mama Derrick alilila akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama Marion," Mzee akasema, akijifuta mikono, "sasa rudi kwa pazia yako, kijana wangu ageuke. Tukimwacha na huo ukuta, siku ya harusi atakuwa na shingo mbaya."

Chumba kizima kikaangua kicheko, Osewe akiongoza. Nereah alirudi ndani, akakaa juu ya mtungi wake, akajifunika uso kwa leso na kulia bila sauti. Katika maneno yote ya Mzee alikuwa amesikia moja tu. Amesema harusi.