Wekundu Kwao, wa Buluu Kwao

Mume wangu alikuwa fundi vioo pale Kasulu. Alikata vioo vya madirisha, vya makabati na vya picha za harusi. Katikati ya miaka ya tisini, daktari mmoja mzungu wa hospitali ya misheni alimwomba amtengenezee matangi ya vioo ya kufugia samaki. Sikuwahi kusikia mtu anafuga samaki ndani ya nyumba. Kwetu samaki alitoka Kigoma akiwa amekaushwa, ndani ya gunia.

Daktari alipomaliza muda wake na kurudi kwao, alimwachia mume wangu matangi mawili pamoja na samaki waliokuwamo. Walitoka mbali sana, visiwa vya huko upande wa Australia, na yeye aliwaita samaki wa upinde wa mvua. Tangi moja lilikuwa la wekundu, jingine la wa buluu. Asubuhi jua likipenya dirishani, madume yalitanua mapezi na kuzungukana, na rangi zao zikakolea mpaka mtu akasahau chai yake ikapoa.

"Kila kundi lina ziwa lake," mume wangu alinieleza, kama alivyoelezwa na daktari. "Ukiwaweka pamoja watazaana, lakini watoto hawatakuwa wekundu wala wa buluu. Ukishachanganya umechanganya."

Shida ilikuwa majike. Ya huku na ya kule yote yalikuwa na rangi ya bati, na aliyeweza kuyatofautisha nyumbani kwetu ni mume wangu peke yake. Kwa hiyo kila tangi lilikuwa na wavu wake na ndoo yake, na ole wako utumbukize wavu wa wekundu kwa wa buluu.

Umeme hatukuwa nao. Hewa ya samaki ilitoka kwenye tyubu ya lori aliyoijaza kwa pampu ya baiskeli, kisha ikapita polepole kwenye mrija wa dripu hadi majini. Ili watage, alifumua sweta kuukuu, akafunga nyuzi zake kama kishungi na kukining'iniza ndani ya tangi. Mayai yalinata kwenye nyuzi, madogo kama punje za chumvi. Aliyahamishia kwenye chupa ya mdomo mpana, na baada ya wiki moja hivi vikatoka viumbe vyembamba kama ukope.

Hao wadogo walikuwa wa mama mkwe wangu. Aliishi nasi, mjane, na kazi ya shamba ilikuwa imemshinda. Alichemsha yai, akachuja kiini kwa kitambaa, akadondosha kidogo kidogo kwenye chupa huku akiongea nao Kirundi. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi zamani, mume wangu akiwa mgongoni. Kirundi chake na Kiha chetu vinakaribiana kiasi kwamba watoto wangu wawili hawakujua kama bibi yao ana lugha nyingine. Walidhani ndivyo wazee wanavyoongea.

Kisha ikaja amri ya kuwakusanya Warundi wote wanaoishi nje ya kambi za wakimbizi. Tuliisikia redioni, tukadhani inawahusu waliokuja juzi. Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa alifika na askari, gari likiwa barabarani.

"Mama, hii si kazi yangu," aliniambia. "Nimeagizwa."

"Mume wangu amesoma hapa. Amebatizwa hapa."

"Najua. Kwenye ubatizo wake nilikuwepo."

"Na watoto?"

Alimtazama askari, askari akatazama kando. "Watoto ni wako wewe. Wabaki."

Kwetu mtoto ni wa baba yake, toka zamani. Siku hiyo tu wakawa wa mama.

Mume wangu alimshika mama yake mkono akampandisha garini, kisha akapanda. Nilisubiri aniambie neno. Akainama ukingoni mwa gari, akasema, "Usichanganye nyavu."

Nilichukia. Nilirudi ndani nikiwa na nia ya kuwamwaga wote nje wakaliwe na kuku. Lakini tyubu ilikuwa inakaribia kuisha hewa, nikachukua pampu.

Walipelekwa kambi moja ya upande wa Kibondo. Nilibaki na shamba, watoto na samaki. Kiangazi kile kisima kilipungua, ikabidi nisubiri foleni ya maji kwa ajili yetu na kwa ajili yao. Nilijaza tyubu asubuhi na jioni mpaka kifua kikaniuma. Jirani yangu akanishauri niwakaange, yaishe. Hata mimi sikujua ninachokilinda, ila nilijua kwamba wekundu wako kwao na wa buluu kwao, na kwamba akirudi atawakuta hivyo.

Nikipata lori la mbao nilikwenda kumwona. Barabara ya Kibondo ilikuwa vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Kambini walikaa kwenye kibanda cha miti kilichoezekwa kwa turubai, pamoja na familia nyingine wasiyoijua. Mama mkwe alikuwa amelala mkekani, ana homa. Alinisalimia, "Mwakeye, mwanangu," akafumba macho. Mume wangu akanivuta pembeni.

"Wekundu wametaga?"

"Mama anaumwa pale, wewe unauliza samaki."

"Mama ninamwona," alisema. "Wale siwaoni."

Nikamweleza basi, jike gani limenenepa, dume gani limepasuka pezi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akaniomba nirudie.

Safari iliyofuata nilibeba unga wa muhogo na asali ya mama mkwe. Nilimkuta mume wangu ameketi nje ya kibanda. Alinipokea mzigo, akautua, akasema, "Tumemzika." Alinipeleka makaburini. Udongo ulikuwa umeshakauka juu, na msalaba ulikuwa wa vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Asali tuliwapa watoto wa ile familia nyingine.

Paroko wetu na mwenyekiti yule yule ndio waliomdhamini, na mvua zilipoanza kushika akaachiwa. Alifika nyumbani mchana, kakonda, shati likimpwaya. Nilikuwa nimesugua vioo vya matangi kwa majivu vikang'aa. Sikuwa nimepoteza ukoo hata mmoja, na nilitaka alione hilo. Alisimama mbele ya matangi akawatazama samaki.

"Umewatunza vizuri," alisema, akaenda kulala.

Wiki chache baadaye nilirudi kutoka shambani nikakuta tangi moja liko uani, tupu, limefutwa likakauka. Nilikimbilia ndani. Samaki wote walikuwa kwenye tangi lililobaki, wekundu na wa buluu pamoja, wakikimbizana.

"Umefanya nini?"

"Tangi moja linatosha."

"Nilipampu mpaka kifua kikaniuma. Kwa ajili yako."

"Najua. Pole, mke wangu."

Nilikwenda jikoni nikalia, mimi niliyewahi kuwacheka hao samaki. Sikuwa na hasira naye. Nililia kwa sababu nilielewa kwamba mtu niliyekuwa namtunzia aliondoka na lile gari, hakurudi.

Watoto waliozaliwa tangini wengine walikuwa wa rangi ya chungwa na wengine walikuwa na rangi ambayo sikuwa na jina lake. Majirani waliwapenda kuliko wa mwanzo. Yeye aliwalisha bila kukosa, lakini hakuketi tena kuwatazama, na hakuhangaika kukusanya mayai. Wengi waliliwa na wakubwa wao. Wa mwisho alikufa wakati wa baridi ya Julai, na tangi likakatwa vioo vya dirisha la mtu.

Baada ya hapo aliniomba twende wote kupalilia kaburi la mama yake. Tulifika na jembe moja na panga. Sehemu ile ya makaburi ilikuwa imepanuka sana. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimesawazisha udongo, misalaba ya vijiti imelala au imeokotwa kuni, na majani yamefika magotini. Alitembea huku, akarudi, akasimama, akahesabu kutoka kwenye mti, akahesabu tena.

"Ni hili?" nilimuuliza.

"Sijui."

Nikasema labda tumtafute mtu wa kambini anayekumbuka. Alivua shati, akaanza kufyeka safu ile kutoka mwanzo wake, kaburi moja baada ya jingine, na mimi nikamfuata nyuma na jembe. Hatukumaliza. Lori la kurudi Kasulu lilipopiga honi tulikuwa tumefika katikati.