Nilivyokimbia Geita Bila Ng'ombe Aliyeibwa

Nilitoka Shinyanga kwa sababu ya mstari mmoja. Fomu ya mbio za Geita ilikuwa na mahali pa kujaza "Jina la mwanariadha", nami, karani wa kinu cha pamba mwenye miaka thelathini na sita, nikaona haya kuandika jina langu hapo. Miaka minne nilikuwa nakimbia kila alfajiri, na kila aliyeniuliza nilimdanganya kwamba nawahi kazini. Nikaikunja fomu tupu, nikaitia mfukoni.

Alhamisi asubuhi nilipanda basi. Mke wangu, Mama Shija, nilimwambia nakwenda kumsalimu rafiki yangu Baba Kulwa. Raba zangu nilizificha chini ya mashati. Njiani sikutulia, kila basi liliposimama nilishuka, nikazunguka, nikapanda tena, hadi kondakta akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Jioni, baada ya kuvuka kwa pantoni Busisi, nilifika Geita, nyumbani kwa Baba Kulwa na mkewe. Hata wakati wa chakula magoti yalikuwa yakicheza.

"Tulia basi, shemeji," akasema Mama Kulwa. "Ugali haukimbii."

Ijumaa alfajiri uvumilivu ulinishinda, nikatoka kukimbia barabara ya Rwamgasa. Nilisahau, mimi Msukuma wa kuzaliwa, kwamba kwetu mtu mzima hakimbii hivi hivi. Mama mmoja aliyekuwa kisimani aliponiona akapiga yowe la wizi wa ng'ombe. Likajibiwa ng'ambo. Kugeuka, wanaume kama ishirini wako nyuma yangu na fimbo, wakidhani nafuata wezi. Kwa hofu nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Pumzi ziliponiishia nikasimama. Jamaa mmoja mrefu akanifikia, jasho linamchuruzika.

"Ng'ombe wameelekea wapi?"

"Hakuna ng'ombe."

"Basi nani kafa?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbilia nini, mtu mzima na ndevu zako?"

Nilitaka kusema nawahi kazini. Lakini kazi gani, ugenini, jua halijachomoza?

"Mimi ni mwanariadha," nikasema. "Kesho nashindana."

Wakatazamana. "Kukimbiza watu bure faini yake mbuzi," akasema yule mrefu. "Kesho tutakuja. Ukitembea hata hatua moja, tunamchukua mbuzi wetu."

Jumamosi nilijaza ule mstari. Nilianza kwa pupa, kama kawaida yangu, na kwenye kilima cha mwisho misuli ya mguu ikakaza. Nilitamani kutembea, Mungu anajua. Lakini walikuwa wamejipanga pale, fimbo mabegani, wakipiga kelele: "Mbuzi! Mbuzi!" Nikapanda nikichechemea, ila mbio. Nilimaliza wa tatu kutoka mwisho.

Yule mrefu alinishika mkono. "Umetunyima kitoweo, mwanariadha," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha.

Jumapili jioni nilifika nyumbani, nikaziweka raba mlangoni peupe.

"Baba Kulwa hajambo?" akauliza Mama Shija.

"Hajambo. Lakini nilikwenda kushindana mbio. Mke wangu, mimi ni mwanariadha."

Akaendelea kuchambua mchele. "Baba Shija, ofisini kwenu wanafungua saa mbili, wewe unatoka hapa saa kumi na moja alfajiri. Na soksi zako nazifua mimi."

Safari yote ile, kumbe mtu pekee aliyekuwa hajui ni mimi.