Siku Mama Alipomwigiza Mlinzi

Kijiji chetu cha Wambuti, watu wa msituni kule Kongo, kilikuwa kando ya msitu uliolindwa. Kulindwa maana yake sisi tulikatazwa kuingia. Tukijipenyeza, walinzi walitupanga mstari na kutunusa mikono kutafuta harufu ya nyama. Yangu ilinuka asali daima, na sioni aibu kusema.

Sasa tunaishi Louisville, Marekani, karibu na bustani ya Iroquois, yenye miti kweli kweli. Mama alipoiona alisahau miguu inayomuuma. Kila mvua ikikatika anapotea, anarudi na uyoga kwenye kitenge. Mimi, ninayelipwa kutunza wazee wa watu, nikampekua, nikamnusa viganja, nikamsomea sheria zote za bustani zinazokataza kuchuma chochote, nikafungia viatu vyake vya mvua ndani ya gari. Nilijiona binti mwenye akili sana.

Mama alinitazama tu ninavyotembea, toka kichwani hadi miguuni. Hapo ndipo ningepaswa kujua nimekwisha.

Kwetu wanawake hawagombani na mkosaji. Wanamwigiza mbele ya watu, mwendo na sauti, mpaka ajicheke mwenyewe. Akijicheka, kesi imekwisha. Akinuna, wanaanza upya.

Jumapili, wamama wa kanisa wakiwa wamejaa sebuleni, mama alisimama katikati. Akatembea kifua mbele, akampekua jirani yetu kitenge, akamnusa viganja. Nilicheka mpaka nikakaa chini: mlinzi wa kule kabisa! Kisha mlinzi huyo akapandisha miwani kwenye paji la uso, akachezesha funguo za gari, akasema kwa sauti ya puani, "Mama, nilikuambia nini?"

Kicheko changu kikakatika. Mmoja wa wamama alikuwa ameshatuma video kwa dada yangu aliyeko Columbus na kwa shangazi aliyeko Buffalo. Nikanuna. Mama akaanza upya, safari hii akaongeza na makalio yangu.

"Lakini nilicheka!"

"Ulicheka mulinzi," mama alisema. "Haukujicheka weye."

"Na yule wa kule, mulimuigizaka?"

"Miaka yote."

"Akajicheka?"

Mama aliketi, akajifuta jasho. "Hata siku moja. Njo maana tuko hapa."

Nililia kwanza, nasema ukweli. Halafu kicheko kikanitoka, kikubwa, cha aibu, na wamama wakapiga vigelegele. Nikamwambia mama kesho twende wote: yeye aingie mitini, mimi nitasimama njiani nichungulie kama mlinzi wa bustani anakuja.