Samaki wa Lualaba kwa Dada Yangu

Dada yangu, aliyenilea, aliporudi Kindu baada ya miaka mingi Kisangani, nilimkodia pirogi, mtumbwi wa injini. Kwa kuwa nina shahada, niliipa jina la kisomi: safari ya kuonja. Nilibeba malafu, tembo la mchikichi lililogemwa asubuhi mtaani Mikelenge, wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mto Lualaba aliyechomwa ndani ya majani.

Kwetu anayealika huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Nikanywa malafu, naye akanywa, akanicheka: "Profesa wa kulewa!"

Nilipofungua majani ya samaki, akaweka kikombe chini.

Wakati wa vita watu wengi mjini walikataa samaki wa mto huu, kwa sababu ya maiti zilizopita majini. Nyumbani mimi peke yangu, nikiwa mtoto, nilikula samaki, kwani dada alisema ananinunulia wa bwawani. Mwenyewe alisema ameshiba. Safari hii yote niliifanya ili nimwone, angalau mara moja, akila samaki pamoja nami.

"Onja kwanza, mudogo wangu."

Nikatia tonge mdomoni. "Mutamu, yaya," nikamwambia dada. "Kama wale wa bwawa."

"Bwawa gani? Askari walijaa barabara zote, ningefika huko na miguu gani? Ulikuwa unalia njaa. Nilikupa wa mto."

Mwendesha pirogi alijifanya anakagua injini. Dada alinitazama usoni. Mwenyeji hawezi kutema chakula alichomwalikia mtu, kwa hiyo nikameza. Yeye akavuta sahani ya wali, akaula mtupu bila kugusa samaki, polepole, hadi tukarudi bandarini.