Dizeli Chini ya Dirisha la Mama

Kwetu gari halinunuliwi na mtu mmoja. Hata kama fedha ni zako, lazima ukae na ndugu, mvutane, mchoshane, kisha uambiwe unachokitaka si unachokihitaji. Kikao cha gari letu kilifanyika sebuleni kwa mama, Korogwe, Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyekuwa naishi naye, kwa hiyo nilipewa kazi ya kumimina chai.

Sababu ya kikao ilikuwa mama mwenyewe. Ujana wake wote uliishia kwenye shamba la mkonge, upande wa brashi, pale katani kavu inaposafishwa kabla ya kufungwa marobota. Vumbi la brashi lilimkaa kifuani. Alipoacha kazi alibaki na kikohozi na pumzi fupi, na kila alipobanwa tulitafuta bodaboda. Mwanamke wa umri ule, anahema kwa shida, unampakia kwenye pikipiki na kumshikilia mgongo mpaka hospitali. Ndugu zangu waliona aibu, wakachanga.

Nilitaka gari dogo la petroli. Nikasema mama atakaa vizuri, halina kelele, na moshi wake haukabi koo. Kaka yangu, ambaye hununua machungwa na mahindi Handeni na kabichi Bungu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, hicho kikopo utakipandishaje Bungu? Mvua ikinyesha si utakisukuma mwenyewe?"

Akaeleza kwamba dizeli inakula mafuta kidogo, inabeba mzigo, na injini yake haifi ovyo. Mjomba, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, ndiye aliyefunga mjadala. "Mnunulieni dada yangu kitu cha dizeli, chenye nguvu. Hayo ya petroli ni ya kwendea saluni." Watu wakaitikia. Nilipomtazama mama alikuwa anatabasamu kama bibi harusi. Alisema lolote watakalolichagua watoto wake, yeye ameridhika.

Nisiwe mnafiki, maneno ya kaka hayakuwa ya kipuuzi. Nafundisha jiografia sekondari, na mara nyingi nimewachorea wanafunzi mizani hiyo ubaoni. Gari la petroli huteketeza mafuta mengi zaidi kwa safari ileile, hivyo huchangia zaidi joto la dunia. La dizeli hutoa masizi laini yanayozama mapafuni. Ubaoni mizani ile hupendeza, unaweka chaki hapa na pale, kengele inalia. Nyumbani kwetu kulikuwa na kifua kimoja tu cha kupimia.

Ikanunuliwa pikapu ya milango minne, iliyokwisha kutumika nchi za watu. Haikupita muda taa ikawaka kwenye dashibodi. Fundi akasema kichujio cha moshi kimeziba, na dawa yake ni kukitoa. Akakikata, akaunga bomba tupu, kama anavyomfanyia kila mwenye dizeli hapa mjini. Tangu hapo pikapu ikikanyagwa ilitema wingu jeusi, na watu walisimama pembeni ya barabara wakisifia. Kwetu moshi mweusi ni sifa. Ukiuona, unaambiwa injini hiyo ni nzima.

Halafu kulikuwa na suala la maegesho. Desturi ya mtaani kwetu ni kwamba gari hulala chini ya dirisha la mtu mwenye usingizi mwepesi, maana betri huweza kuondoka bila kuaga. Mwenye usingizi mwepesi nyumbani alikuwa mama. Alionyesha mahali yeye mwenyewe. "Libananisheni hapa ukutani, nilisikie." Basi kila alfajiri kaka alikuja kutoka kwake, nyumba ya pili, akaliwasha, akaliacha liungurume huku akinywa uji kwetu. Aliamini injini ya dizeli isiyopashwa moto hufa mapema. Bomba lilielekea dirishani. Mama, akiwa bado kitandani, alituambia kwa sauti ya furaha, "Gari langu limeamka."

Kikohozi kikazidi. Hospitalini muuguzi aliuliza swali moja tu, tunapikia nini. Tukasema kuni. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeshampata mkosaji, na mkosaji mwenyewe hakuwa na wa kumtetea. Tukabomoa jiko la uani, tukatupa mafiga, tukaleta gesi. Mama alilalamika kidogo kwamba maharage ya gesi hayana ladha, lakini akayala. Shoga zake waliokuwa wakija kuota moto na kupiga soga jioni wakapunguza miguu, maana kwenye gesi hakuna pa kukaa. Kifua hakikupungua hata kidogo. Tulimnyang'anya jiko lake bure.

Siku moja nikafua chandarua cha mama. Kilikuwa kipya, nilikinunua baada ya gesi kuingia. Upande wa mlangoni kilikuwa cheupe, upande wa dirishani kimekuwa cha kijivu, na maji ya beseni yakawa meusi kama nimeoshea sufuria. Nilibaki nimechuchumaa, mikono ndani ya maji yale. Nilimfuata kaka na beseni lenyewe.

"Hayo masizi ya kuni," alisema.

"Kuni zimeondoka kabla chandarua hiki hakijatoka dukani."

Akachovya kidole ndani ya beseni, akakitazama. Kisha akasema, "Hata hilo la petroli ulilolitaka wewe lingetoa moshi. Na ule usiouona ndio unaoua haraka." Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli nilitamani kummwagia maji yale.

Gari likahamishiwa upande wa barabara. Lakini barabara yenyewe ina malori na mabasi yanayopita mchana na usiku, na majirani nao wana pikapu zao na desturi ileile ya kuzipasha moto. Mama alikuwa halali tena bila kuegemea mito mitatu. Tukaamua apelekwe Lutindi kwa mama mdogo, mdogo wake aliyeolewa huko juu mlimani, ambako hewa ni safi. Alipandishwa na pikapu ileile, kwa kuwa hatukuwa na chombo kingine cha kupanda huko. Nilikaa naye kiti cha nyuma. Kwenye kona kali kaka alipobadili gia, moshi ulimwagika juu ya migomba ya watu, na mama akajifunika pua kwa kanga.

Tulimwacha huko, na baada ya mavuno ya machungwa kaka aliiuza pikapu. Likanunuliwa gari dogo la petroli. Nilipaka chumba cha mama rangi, nikaweka pazia jipya, na siku za likizo nikaenda kumfuata. Mvua ilikuwa imenyesha. Kikopo kilinasa topeni kabla ya kufika, kama ilivyotabiriwa sebuleni, nikakiacha kwa watu na kupanda kwa miguu.

Nilimkuta barazani, amejifunika shuka juani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona tope mpaka magotini?"

Nikamweleza kwamba dizeli imeuzwa, chumba kiko tayari, nimekuja kumchukua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hilo la sasa halina moshi?"

"Linao, mama. Ila hauonekani sana."

"Ule mwingine nilikuwa nauona," alisema. "Kila asubuhi ukiingia. Nilikuwa naziba dirisha kwa kanga, kisha naitoa kabla hujaja kuniamkia."

Sikuamini masikio yangu. "Mama, mbona hukusema?"

Alivuta pumzi, ikamkatikia katikati, akangoja irudi. Nilitamani nimvutie mimi.

"Ningesema mngeliuza. Mwanangu, wenzangu wote wa brashi wamekwisha zikwa. Hakuna hata mmoja aliyepakiwa kwenye gari la wanawe. Mimi nilikuwa nimenunuliwa langu, linanguruma dirishani kwangu, mtaa mzima unasikia. Ningeanzaje kusema linaniua?"

Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye akanipangusa tope la magoti kwa ncha ya shuka. Nikamsihi tuteremke. Akasema hapana, chumba wapewe wajukuu. Jikoni mama mdogo aliniambia kwa kunong'ona kwamba hata hewa ya huku imechelewa, siku hizi dada yake analala ameketi.

Jioni nilishuka mlima, nikalinasua gari kwa msaada wa vijana wa pale. Kiti cha mbele nilikuwa nimemtandikia mama mto na mtandio wa kujifunika. Kilirudi Korogwe vilevile nilivyokitandika.